Mkanda na Dawa Yake

Vitu vingi duniani huishi kwa kutegemeana, na kimoja kikitoweka mwenziwe hubaki jina tu. Kufuli huishi kwa ufunguo wake, kinu kwa mchi wake, na kandili kwa utambi wake. Mkanda wa picha ni wa ukoo huo. Mkanda uliokwisha pigwa lakini haujasafishwa hauna kitu cha kumwonyesha mtu. Na mtu akiufungua mchana ili autazame, ameuharibu papo hapo. Picha imo ndani yake, lakini haionekani mpaka dawa iifikie gizani. Dawa isipopatikana, mkanda huo ni barua iliyotiwa lakiri, na mwenye kujua kuifungua hayupo.

Nataka kusema habari za mkanda wa namna moja, nao ni ule mweusi na mweupe wa namba 120, uliokuwa chombo cha wapiga picha wengi wa vijiji vyetu. Na pamoja nao nitasema habari za usafishaji wake. Watu waupendao mkanda huuliza kila mara kama viwanda vya ng'ambo vitaendelea kuutengeneza. Swali hilo ni jema, lakini kwetu ni la pili. La kwanza ni hili: nani atausafisha? Nimeona kwa macho yangu kwamba mkanda haufi kiwandani tu. Hufa mapema zaidi katika beseni, siku mtu wa mwisho ajuaye kazi anapoliosha na kuliinamisha ukutani.

Mimi ni mwalimu wa lugha, na msomaji atanisamehe nikianza na maneno. Kiswahili kimehifadhi habari za kazi hii kuliko masanduku yetu. Twasema kupiga picha, kama tupigavyo chapa na mhuri, maana mwanga hupiga mahali na kuacha alama. Kisha twasema kusafisha picha, na wengine husema kuosha. Neno hili halikubuniwa na wataalamu katika mkutano. Lilizaliwa na watu waliosimama mlangoni pa chumba cha giza wakasikia maji yakimiminwa, wakaona karatasi zimeanikwa kambani kama nguo. Siku hizi kijana huchukua simu yake mpaka dukani akasema, "Nisafishie picha hizi nne," na mashine humtolea karatasi kavu wala hakuna aliyelowesha kidole. Neno limebaki, kitendo kimeondoka.

Kitendo chenyewe ni hiki. Juu ya ukanda mwembamba wa plastiki hupakwa jelatini, ambayo asili yake ni mifupa na ngozi za wanyama, na ndani ya jelatini huwamo chumvi za fedha. Nasema fedha kwa maana yake ya kale, yaani madini. Mwanga ukizigusa chumvi hizo kwa nukta moja ya kufumba na kufumbua, huacha alama isiyoonekana kwa jicho. Dawa ya kwanza huzigeuza chumvi zilizoguswa kuwa fedha nyeusi. Dawa ya pili, iitwayo thaiosalfeti ya sodiamu, huyeyusha chumvi zisizoguswa, na bila hiyo mkanda wote ungekuwa mweusi mara utokapo nje. Mwingereza John Herschel alitambua nguvu ya dawa hii ya pili mwaka 1819, miaka ishirini kabla sanaa ya picha haijatangazwa kwa watu. Kisha huja maji safi kwa wingi. Palipokuwa na mwanga mwingi huwa peusi, na palipokuwa na giza huwa peupe. Hii ndiyo negativu, nayo ndiyo asili ambayo picha zote za karatasi ni nakala zake.

Mambo hayo niliyaona kwanza Masaki. Masaki niisemayo siyo ile ya mjini Dar es Salaam, iliyo kando ya bahari na yenye majumba makubwa. Ni Masaki ya Wilaya ya Kisarawe, Mkoa wa Pwani, upande wa njia iendayo Maneromango. Nchi ya mikorosho, miembe, minazi na mihogo. Hapo mjomba wangu alifanya kazi ya kupiga picha tangu miaka ya 1970 hata alipofariki mwaka 1994. Kwa desturi za Wazaramo mjomba ni mzazi, nami nilikua karibu na ndoo zake na chupa zake.

Kamera yake ilikuwa ya macho mawili, jicho la juu la kutazamia na la chini la kupigia. Mkanda wa namba 120, ambao ulianza kuuzwa mwaka 1901, ulimpa picha kumi na mbili za mraba, kila moja yapata sentimita sita kwa sita. Kumi na mbili ni hesabu ndogo, na kwa sababu hiyo kila picha ilikuwa na mtu wake. Mwali aliyetolewa ndani, mzee aliyetaka kuwaachia wajukuu sura yake, kijana aliyepata baiskeli, mtoto aliyetimiza mwaka. Kila mmoja alitoa nusu ya bei, akapewa kipande cha karatasi chenye namba, na jina lake likaandikwa katika daftari. Mkanda ulipojaa ndipo ukasafishwa.

Alisafisha kabla ya alfajiri, na sababu yake haikuwa giza peke yake. Vitabu vya kazi hii huagiza maji ya digrii 20, na pwani yetu haina maji ya namna hiyo. Maji ya moto huharakisha dawa na kuilegeza jelatini hata ikaweza kuchubuka kama ngozi ya nyanya. Mjomba aliyaacha maji usiku kucha katika mtungi wa udongo, ambao hutoa jasho na kuyapoza yaliyomo, kisha akayachuja kwa kitambaa cha bafta. Kwa karatasi alitumia tochi iliyofungwa kitambaa chekundu. Kwa mkanda hakutumia taa yoyote. Alihesabu muda kwa mdomo, polepole, na sisi watoto tuliolala chumba cha pili tulizisikia hesabu hizo katika usingizi. Sijui mtu aliyemfundisha hesabu ile, lakini negativu zake za miaka ya 1970 zimesimama mpaka leo.

Mjomba hakuwa peke yake. Ufuo wote wa Waswahili ulikuwa na watu wa kazi hii, wakubwa na wadogo. Mjini Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, akapiga picha za masultani na za watu wa mitaani, na mwanawe Rohit akairithi kazi. Mombasa ilikuwa na studio ya Parekh, ambako vijana walivaa nguo zao bora wakasimama mbele ya pazia. Lamu ilikuwa na Omar Said Bakor, aliyejifundisha mwenyewe, akaunganisha negativu mbili na tatu katika chumba cha giza mpaka mtu akaonekana mahali ambapo hakupata kusimama. Watu hawa hawakuwa wapiga picha tu. Walikuwa wasafishaji, na nusu ya ustadi wao ilifanyika mahali ambapo hapana aliyewaona.

Kisha zikaja mashine za picha za rangi, ambazo zilisafisha mkanda na kutoa karatasi kwa muda wa saa moja. Hapana haja ya kuzilaumu. Watu walitaka rangi, na rangi ni neema. Lakini mashine ile ilimwondoa mpiga picha katika chumba cha giza ikamfanya mpeleka mikanda. Wapiga picha wa mitaani waliacha kununua dawa kwa sababu hawakuzihitaji. Maduka yakaacha kuziagiza kwa sababu hazikununuliwa. Simu ilipokuja na kamera ndani yake, mashine zenyewe zikakosa kazi, na katika maduka mengi zikafa. Ikawa ujuzi wa mkono uliuawa na mashine, na mashine ikauawa na simu, na mkanda uliobaki katika masanduku ukakosa wa kwanza na wa pili.

Ulimwengu umekwisha ona mfano mkubwa wa jambo hili. Mwaka 1935 kampuni ya Kodak ya Rochester, Marekani, ilianza kuuza mkanda wa rangi ulioitwa Kodachrome. Ulisifiwa kwa rangi zake na kwa kudumu kwake, lakini ulikuwa na siri moja: viungo vya rangi zake havikuwamo katika mkanda. Vilitiwa wakati wa kusafishwa, kwa hatua nyingi na kwa mashine maalumu. Kodak ilitangaza mwaka 2009 kwamba haitautengeneza tena. Wakati huo duniani pote palibaki mahali pamoja tu pa kuusafishia, duka la Dwayne's Photo katika mji mdogo wa Parsons, jimbo la Kansas. Duka hilo lilipokea mikanda ya mwisho tarehe 30 Desemba 2010. Baada ya hapo, Kodachrome yoyote iliyosahauliwa katika mtoto wa meza, iwe ina harusi au ina simba wa Serengeti, haiwezi tena kutoa rangi zake. Mafundi wachache huweza kuitoa nyeusi na nyeupe, na hiyo ndiyo akiba yake yote.

Mtu asidhani kwamba nauombolezea mkanda kama maiti. Ungali hai, na habari zake za karibuni ni za kupanda na kushuka. Kampuni ya Ilford ilianguka mwaka 2004, na mameneja wake wakainunua mwaka uliofuata. Mikanda yake nyeusi na nyeupe yatengenezwa hata leo huko Mobberley, Uingereza. Kodak iliomba hifadhi ya mahakama ya muflisi mwaka 2012, ikasimama tena. Na mkanda wake uitwao Ektachrome, ulioachwa mwaka huohuo, ulirudi mwaka 2018. Fujifilm iliacha mkanda wake mweusi na mweupe mwaka 2018, ikaurudisha kwa jina la pili mwaka 2019. Kwa ajili ya filamu ya Oppenheimer, iliyoonyeshwa mwaka 2023, Kodak ilitengeneza mkanda mweusi na mweupe wa upana wa milimita 65 ambao haukupata kuwapo, na wasafishaji wakalazimika kuzigeuza mashine zao ili waupokee. Tazama jambo hilo: hata kwa matajiri wa sinema, mkanda mpya haukuwa na faida mpaka mahali pa kuusafishia palipopatikana. Iwapo ni hivyo Marekani, Masaki itakuwaje?

Sasa nitasema kwa nini jambo hili si la mazungumzo tu kwangu. Mjomba alipofariki aliacha bati la biskuti, na ndani ya bati mlikuwa na mikanda mitatu iliyokwisha pigwa, imezungushiwa karatasi zake na kufungwa kwa gundi, pamoja na daftari la mwisho. Ugonjwa ulimkuta kabla hajaisafisha. Bati lilikaa juu ya kabati ya mjane wake kwa miaka mingi. Hakuna aliyethubutu kulitupa, wala hakuna aliyejua la kulifanya.

Miaka mitatu iliyopita mama mmoja wa kijijini alinijia nilipokuwa likizo. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama," akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akafungua pindo la kanga yake akatoa kipande cha karatasi chenye namba. Mwaka 1993 alipiga picha akiwa amempakata mwanawe wa kwanza. Alitoa nusu ya bei. Mtoto alifariki mwaka uliofuata, mjomba naye akafariki, na mama yule hakudai kitu kwa sababu aliona haya kuidai maiti. Akaniambia, "Mwalimu, wewe ni mtu wa vitabu. Jina lake halijanitoka, lakini sura yake inanitoka. Nikifumba macho namwona mtoto tu, simwoni yeye. Hukuna njia?" Nikatazama daftari. Namba yake ilikuwamo.

Nilianza kutafuta mjini. Duka moja la picha, ambalo sina haja ya kulitaja, lilinijibu kwamba mashine yake ya mikanda iliuzwa kwa watu wa vyuma chakavu. Duka la pili lilinitaka niufungue mkanda palepale juu ya meza, katika jua la saa sita, ili waone uliomo. Sikukasirika. Kijana aliyenena hivyo alizaliwa baada ya kazi kufa, na kwake mkanda ulikuwa kitu kama kasha la kaseti. Nilifikiri kuipeleka ng'ambo. Lakini mizigo ya viwanja vya ndege huchunguzwa kwa eksirei, nayo huutia ukungu mkanda, hasa ule wa zamani ambao umekwisha pata ukungu wa joto na miaka. Na zaidi ya hayo, kitu kisicho na pili hakipelekwi safari bila kuogopa.

Kuna wasemao, nao ni watu wa akili, kwamba juhudi za namna hii ni mapenzi ya watu wazima kwa ujana wao. Husema: simu hupiga picha elfu bila gharama, na dawa za picha ni uchafu wa maji, tuache ya kale yapite. Nawajibu kwa mambo mawili. Kwanza, sisemi kwamba watu waache simu. Nasema juu ya picha ambazo zimekwisha pigwa, ambazo wenyewe waliokuwamo hawawezi kurudi wakapigwa tena. Pili, simu nayo ina dawa yake. Picha ya simu haionekani ila kwa chombo kinachojua kuisoma, na vyombo hivyo hubadilika upesi kuliko mabeseni. Diski laini za miaka ya 1990 ziko wapi leo, na nani kati yetu ana mashine ya kuzifungua? Anayejifunza kuuliza "nani atausafisha?" juu ya mkanda wa mjomba amejifunza swali la kuuliza juu ya kila hifadhi. Ama juu ya uchafu, kusafisha mikanda michache huhitaji dawa kidogo, na fedha iliyoyeyuka yaweza kukusanywa isimwagwe ardhini.

Basi nilirudi katika vitabu. Uzuri wa mkanda mweusi na mweupe, tofauti na Kodachrome, ni kwamba haukutiwa kufuli na kiwanda kimoja. Dawa zake ni za kanuni iliyo wazi kwa wote. Mwaka 1995 wanafunzi wa chuo cha ufundi cha Rochester, pamoja na mwalimu wao Scott Williams, walionyesha kwamba hata kahawa ikichanganywa na soda ya kufulia yaweza kuamsha picha. Wengine baadaye wakaongeza vitamini C ili kuipa nguvu. Nilifurahi niliposoma, maana nchi yetu ina kahawa. Pamoja na wanafunzi wanne nilijaribu kwa mkanda mpya, kwa kahawa ya kuyeyuka ya Bukoba, soda ya kufulia na vidonge vya vitamini vya dukani. Harufu yake haifai kusimuliwa, lakini picha zilitoka, zenye wekundu wa kahawa na sura zinazotambulika. Wanafunzi walipiga makofi gizani, na mmoja akasema hajapata kuona kitu kikizaliwa.

Hata hivyo sikuitumia kahawa kwa mikanda ya mjomba, kwa sababu mkanda mkongwe huongezewa ukungu nayo. Nilitumia kanuni ya Kodak ya mwaka 1927 iitwayo D-76, ambayo kila mwenye mizani aweza kuichanganya: katika lita moja ya maji, gramu 2 za metoli, gramu 100 za salfaiti ya sodiamu, gramu 5 za haidrokwinoni na gramu 2 za boraksi. Barafu tuliiweka katika beseni la nje, si katika dawa, na kipimajoto kikasimama kwenye digrii 20. Pale mtungi ulipokuwa, sasa palikuwa na jokofu. Hiyo ndiyo tofauti yote kati ya mjomba na sisi, nje ya ustadi.

Mkanda wa kwanza ulitoa picha tano kati ya kumi na mbili. Nyingine zilimezwa na ukungu. Palikuwa na mzee mwenye fimbo, wasichana wawili wameshikana mikono, na uwanja wa shule ambao sasa una majengo. Mama yule hakuwamo. Wa pili ulikuwa umeharibika kwa unyevu, na namba za karatasi ya nyuma zilijichapa juu ya sura za watu. Lakini picha ya tisa ilikuwa na mwanamke ameketi kitini chini ya mwembe, amempakata mtoto. Mtoto alikuwa ametazama kamera sawasawa. Picha ilikuwa hafifu kama kitu kionwacho katika maji, lakini uso ulikuwapo: macho, mdomo na pua.

Niliitoa katika karatasi nikampelekea. Aliitazama muda mrefu. Kwanza alisema habari za kanga, kwamba iliungua jikoni mwaka uleule. Kisha akasema, "Pua ni ya baba yake," akanyamaza. Nilipotaka kuondoka alinizuia, akafungua pindo, akanihesabia pesa. Nilimwambia haidaiwi. Akasema, "Nilitoa nusu, nikabakiwa na nusu. Deni haliozi." Nikazipokea, nikampelekea mjane wa mjomba, naye akaziandika katika daftari mbele ya namba ile, kwa mkono wake.

Umebaki mkanda wa tatu, na juu yake sina neno la furaha. Mkanda huu ni wa rangi. Mjomba alikwisha kuanza kufuata matakwa ya wateja. Daftari lina majina kumi na mawili ya watu wake, na saba wamefariki. Mkanda wa rangi wa namna hii husafishwa kwa dawa na joto la namna yake, na zipo nchi ambako kazi hiyo hufanywa. Tena ukitiwa katika dawa nyeusi na nyeupe, waweza kutoa sura, lakini rangi hazitatoka, wala njia ya kawaida ya kuzirudisha haipo. Tukiusafisha hapa tutapata watu bila rangi zao. Tukiungoja msafishaji wa rangi twaweza kupata vyote viwili, au kukosa vyote, maana kila mwaka joto laendelea na kazi yake ndani ya bati.

Niliwakusanya jamaa za wale kumi na wawili nikawaeleza. Mzee mmoja akasema, "Mtu hujulikana kwa sura. Rangi ya nini?" Lakini msichana mmoja, ambaye bibi yake alipigwa picha siku alipotolewa ndani, akasema kwamba nyumbani kwao hubishana mpaka leo juu ya nguo aliyovikwa bibi, kama ilikuwa nyekundu au buluu, na kwamba katika picha nyeusi na nyeupe nyekundu na buluu zaweza kuwa kitu kimoja. Sikuona mjinga kati yao. Tuliafikiana kungoja mpaka mwisho wa masika yajayo. Pakipatikana mahali pa kuaminika, na mtu wa kuuchukua mkononi na kuomba uchunguzwe kwa mkono, utakwenda. Pasipopatikana, tutausafisha mweusi na mweupe, na nyumba ile itaendelea kubishana. Kungoja nako ni kutenda; asiyeweka mwisho wa kungoja amekwisha chagua hasara bila kuitaja jina.

Kutokana na haya nina maombi matatu kwa wasomaji wa kurasa hizi, ambao wengi wao ni watu wa vyuo. La kwanza ni kwamba kanuni za dawa hizi ziandikwe kwa Kiswahili, kwa vipimo vya gramu na kwa maji ya pwani yetu, zichapwe na kugawiwa. Kazi iliyofanywa kwa lugha hii kwa miaka mingi haina kitabu chake katika lugha hii, nayo ilikufa upesi kwa sababu ilikaa vinywani mwa watu wachache. La pili ni kwamba chuo kimoja, hata kimoja tu, kiweke chumba cha giza chenye beseni, jokofu na kipimajoto, na wanafunzi wachache wafundishwe kila mwaka. Idara ya kemia inazo dawa, idara ya historia inayo haja, na idara ya Kiswahili inayo maneno. La tatu ni kwamba tuanze kuorodhesha mikanda isiyosafishwa iliyoko majumbani. Maktaba za picha, kama ile ya Idara ya Habari MAELEZO, hutunza picha za viongozi na za sikukuu za taifa. Picha za mama aliyempakata mwanawe chini ya mwembe zimetunzwa na mabati ya biskuti, na ukungu wa pwani hula jelatini bila kuuliza mwenyewe ni nani.

Sidai kwamba mkanda utarudi kuwa kazi ya watu wengi, wala sitaki wanafunzi wangu wauze simu zao. Viwanda vya ng'ambo vitatengeneza mkanda maadamu vinapata faida, na siku isipopatikana vitaacha. Hilo halimo mikononi mwetu. Kilichomo mikononi mwetu ni kidogo, nacho chatosha: maji baridi, mizani ndogo, chumba kisicho na ufa, na mtu aliyefundishwa kuhesabu gizani. Mikanda iliyokwisha pigwa haiongezeki. Kila mwaka hupungua, na pamoja nayo hupungua watu wanaoweza kutuambia yule aliyeketi katika picha ni nani.